Skuta ndani ya ndege ndogo: Faraja ya miguu, mtihani wa betri

Ndege, kwa maumbile yake, ni chombo cha kuunganisha viwanja, si cha kuunganisha miji. Ukweli huu msafiri wa ndege kubwa hauoni, kwa kuwa akishuka Nairobi, London au Chicago hulakiwa na teksi, mabasi na hata garimoshi. Rubani wa ndege ndogo yenye injini moja na viti vinne anaujua barabara. Yeye hutua katika kiwanja cha nyasi au changarawe kilichojitenga na makazi ya watu, huzima injini, huifunga ndege yake kwa kamba isipeperushwe na upepo, kisha husimama akitazama huku na huku. Ameruka kilomita 300 kwa muda wa saa moja na nusu. Sasa kilomita tano zilizosalia baina yake na mji zinamshinda.

Ndiyo sababu, katika miaka ya karibuni, imezuka desturi miongoni mwa marubani wa Marekani na Ulaya ya kubeba nyuma ya viti vyao baiskeli ya umeme inayokunjika, au ile skuta ya umeme ambayo mtu huipanda akiwa amesimama wima. Akitua, rubani huikunjua kwa dakika moja au mbili na kushika njia. Jioni huirudisha ndegeni na kuruka kwenda zake.

Makala haya yanaiunga mkono desturi hiyo na papo hapo kuitolea onyo. Hoja yangu ni moja. Kifaa hiki kina manufaa ya kweli, lakini rubani anayekipakia katika ndege yake mwenyewe hana mkaguzi mwingine ila nafsi yake, nayo nafsi haiwezi kukagua isichokijua. Hana budi basi kujua kina uzito gani na ni moto wa aina gani uliolala ndani yake.

Udugu wa ndege na baiskeli si jambo geni. Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi wa baiskeli mjini Dayton, jimboni Ohio, kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903, na mapangaboi ya chombo chao yalizungushwa kwa minyororo mithili ya ile ya baiskeli. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Waingereza waliunda pikipiki ndogo iliyoitwa Welbike, yenye uzito wa takriban kilo 32, ambayo ilikunjwa, ikatiwa ndani ya kasha la chuma na kuangushwa kwa mwavuli pamoja na askari. Magurudumu yake madogo hayakuzimudu njia mbovu za vitani. Baadaye kampuni ya Di Blasi ya Italia ikatengeneza pikipiki ya petroli inayokunjika, iliyowavutia wenye mashua na wenye ndege ndogo. Lakini petroli ina harufu na mvuke, na ndege ipandapo juu hewa ya nje hupungua mkandamizo, mvuke ule ukatafuta njia ya kutoka. Hakuna rubani mwenye busara anayependa kuvuta hewa ya namna hiyo. Betri ilipokuja, ilionekana kana kwamba imeleta faraja isiyo na dosari. Haina harufu, haivuji, haipigi kelele.

Haja yenyewe si ya kubuni. Marekani ina viwanja vya ndege vipatavyo 5,000 vilivyo wazi kwa umma, na katika hivyo ni kama 500 tu vinavyohudumiwa na mashirika yenye ratiba. Vilivyosalia ni vya watu wadogo: wakulima, walimu wa urubani, madaktari, wazee waliostaafu. Huko ipo mila nzuri ya gari la hisani. Kiwanja huweka gari kuukuu, pengine lililokuwa la polisi zamani, na mgeni hupewa ufunguo aende mjini kula, mradi alirudishe na mafuta. Ni ukarimu ambao Mswahili angeutambua mara moja. Hata hivyo gari ni moja na wageni ni wengi. Ukichelewa, utamkuta mwenzio amekwisha kulichukua. Uingereza nako ndege nyingi ndogo hutumia viwanja vilivyojengwa wakati wa vita, mashambani, mbali na vijiji. Katika mazingira haya baiskeli ya kukunjwa si anasa. Kwa rubani mwenye umri mkubwa au goti bovu, ile ya umeme huamua kama ataona mji au ataona uzio wa kiwanja tu.

Sheria za barabarani nazo zina mitego yake. Chukua rubani anayeruka kutoka Le Touquet, Ufaransa, hadi Lydd, Uingereza, safari fupi ya kuvuka mlango wa bahari. Ufaransa ataendesha skuta yake barabarani kihalali, mradi asipite mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Akifika Uingereza skuta ile ile, kwa sheria zilizokuwapo hadi mwaka 2025, haina ruhusa katika barabara wala njia ya waendao kwa miguu, kwa kuwa zilizoruhusiwa ni za kukodi katika miji ya majaribio pekee. Baiskeli ya umeme yenye nguvu isiyozidi wati 250 hairuhusiwi tu, bali haidaiwi hata leseni. Mtu aweza kuvuka bahari salama salimini, akakamatwa langoni mwa kiwanja.

Na kwetu Kenya je? Tusiige kabla ya kupima. Viwanja vidogo tunavyo kwa mamia, kutoka Ukunda hadi Lokichoggio, na Wilson, jijini Nairobi, ni miongoni mwa viwanja vya ndege ndogo vyenye shughuli nyingi mno barani Afrika. Lakini mahitaji yanatofautiana. Ukitua Manda ukitaka kwenda mjini Lamu, skuta haitakufaa kitu. Unachohitaji ni mashua. Ukitua Keekorok, ndani ya hifadhi ya Maasai Mara, hakuna mwenye akili timamu atakayepanda baiskeli na kujipitisha mbele ya nyati na simba. Ukitua pembezoni mwa mji wowote wa bara, kabla injini haijapoa kijana wa bodaboda atakuwa amefika langoni. Huyu ndiye gari letu la hisani, ingawa hisani yake ina nauli. Vipo hata hivyo viwanja kama Ukunda na Malindi, vilivyo karibu na mji na barabara ya lami, ambako rubani anayelala siku mbili angenufaika na chombo chake mwenyewe. Na kwa kuwa pikipiki za umeme zimekwisha kuzoeleka katika barabara za Nairobi, hapana shaka vifaa hivi vidogo navyo vitapanda ndege zetu, kama havijaanza.

Basi tuanze na mizani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini ndege haina mwenzio. Kila kilo ni yake. Tuchukue Cessna 172S, ndege ya viti vinne inayojulikana duniani kote. Uzito wake wa juu kabisa wa kurukia ni kilo 1,157. Ukiondoa uzito wa ndege yenyewe, hubaki kama kilo 400 za mafuta, watu na mizigo. Matangi yakijazwa, mafuta huchukua takriban kilo 144. Zimesalia 256. Watu watatu wa kilo 80 kila mmoja huchukua 240. Zimesalia 16. Baiskeli ya umeme inayokunjika, pamoja na betri, huwa na kilo 16 hadi 20. Kabla mtu hajatia mkoba wala chupa ya maji, hesabu imekwisha kukataa.

Rubani atasema: nitapunguza mafuta. Na tupunguze basi. Kilo 20 za petroli ya ndege ni kama lita 28, na ndege hii hunywa lita 32 hadi 36 kwa saa. Maana yake ni kwamba baiskeli moja imekula dakika 45 au zaidi za kukaa angani. Sheria za Marekani humtaka rubani wa safari ya mchana awe na akiba ya dakika 30 baada ya kufika aendako. Ukiitoa akiba hiyo ili upate baiskeli, umebadilishana uhai na faraja ya miguu.

Hapa Nairobi hesabu huwa kali zaidi. Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza karibu asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Mabawa nayo hupata hewa nyepesi ya kushikilia, na jua la adhuhuri huifanya iwe nyepesi zaidi. Ndege inayoruka bila taabu Mombasa yaweza kukokota tumbo lake Wilson, na ule uzito ambao pwani haukuonekana ukawa ndio kisa.

Mbali na kiasi cha uzito, kuna mahali pake. Baiskeli huwekwa nyuma ya viti, karibu na mkia. Uzito ukizidi huko, kitovu cha uzito cha ndege husogea nyuma, pua ikataka kuinuka yenyewe, na rubani akawa na kazi ngumu ya kuizuia isipoteze mwendo na kuporomoka. Kisha kuna suala la kufunga. Chuma cha kilo 18 kisichofungwa kwa mikanda, ndege ikipigwa na upepo au ikisimama ghafla, hugeuka kombora linaloelekea visogoni mwa watu.

Uzito, pamoja na ubaya wake, una heshima moja: ukiupima, husema kweli. Betri haisemi mpaka siku yake.

Betri za vifaa hivi ni za lithiamu, aina iliyoingia sokoni mwaka 1991 na kuwapatia wagunduzi wake watatu Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndani ya kila seli mna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba mno, zikiwa zimelowa kimiminika kinachoshika moto. Utando huo ukitoboka, kwa pigo, kwa maji, kwa kasoro ya kiwandani au kwa kuchajiwa kupita kiasi, umeme hupita njia ya mkato na joto hupanda. Joto huamsha kemikali zilizomo, nazo huzaa joto zaidi, na seli moja ikaiwasha jirani yake. Wahenga walinena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo; humo ndani vinga vimepangwa kwa makumi, vikigusana. Moshi wake una gesi za sumu. Mtungi wa kuzimia moto wa kawaida waweza kuuzima mwako, lakini usipoipoza betri kwa maji mengi joto litarudi na kuwasha upya.

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Simu ya mkononi ina kama 15, kompyuta ya mapajani 50 au 60. Skuta au baiskeli ya umeme aghalabu ina 250 hadi 500. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga humruhusu abiria kuwa na betri isiyozidi wati-saa 100. Baina ya 100 na 160 sharti shirika la ndege likubali. Ikizidi 160 haikubaliwi, isipokuwa kwa viti vya magurudumu na vifaa vingine vya walemavu, vyenye masharti yake. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena zimepigwa marufuku katika ndege za abiria. Kwa maneno mengine, kifaa ambacho shirika kubwa hulikataza kupanda ndege ya watu 200, rubani binafsi hukiweka shubiri chache nyuma ya kisogo chake.

Wapo watakaosema huu ni woga. Tuangalie yaliyotokea. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, aina ya Boeing 747, iliondoka Dubai ikiwa na shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu. Moto ulizuka, moshi ukajaa chumba cha marubani hata wasione saa zao. Haikutimia hata nusu saa tangu onyo la kwanza, ndege ikaanguka na marubani wote wawili wakafa. Hao walikuwa wataalamu, wenye vinyago vya hewa na mitambo ya kupambana na moto. Na nchini Marekani, katika jiji la New York pekee, watu 18 walikufa mwaka 2023 kwa mioto ya betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta zilizokuwa nyumbani tu, ambako mtu angeweza kufungua mlango akakimbia. Rubani aliye futi 6,000 juu ya ardhi, hata akishuka kwa kasi ya dharura, anahitaji dakika tatu au nne kuifikia ardhi, na bado hajapata mahali pa kutua.

Wako pia wanaojifariji kwamba betri ikianza kufuka wataitupa nje. Betri inayowaka haishikiki kwa mkono, mlango wa ndege inayokwenda kasi hausukumiki kwa urahisi, na kinachotupwa chaweza kuugonga mkia. Tusisahau pia kwamba chini kuna watu.

Sisemi kwamba kila betri ni bomu. Mamilioni hutumika kila siku bila kisa. Lakini tafakari maisha ya skuta. Aghalabu betri yake imelazwa chini ya ubao wa kusimamia, sentimita chache kutoka ardhini. Ndiyo ipokeayo kila shimo la barabara, kila jiwe na kila dimbwi la maji. Betri iliyopigwa mchana kutwa ndiyo hiyo hiyo inayopandishwa ndegeni jioni.

Hapa ndipo taaluma yangu ya lugha inaponilazimisha kuongeza neno. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, jina betri limebebeshwa mizigo mitatu. Ni betri zile ndogo ambazo wazee wetu wengi huziita mawe ya tochi. Ni betri lile sanduku zito la gari, lenye risasi na asidi. Na ni betri hii ya lithiamu. Ya kwanza tulizoea kuianika juani ili ipate nguvu kidogo. Ya pili tulijifunza kuiogopa kwa sababu ya asidi. Ya tatu imerithi jina bila kurithi tahadhari, na atakayeianika juani kwa mazoea atakuwa anachezea moto. Skuta nayo imeingia katika mkorogo huo. Kwa mtu mzima ni ile pikipiki ya petroli yenye magurudumu madogo. Kwa mtoto ni mchezo wa kusukuma kwa mguu. Kwa rubani ni chombo cha umeme. Mpakiaji wa mizigo anayeambiwa “kuna skuta na betri” ameambiwa nini?

Lugha isiyobainisha hatari huiruhusu ipite. Napendekeza basi tuseme kwa ukamilifu “betri ya lithiamu”, na tulizoeshe neno wati-saa kama tulivyozoea lita na kilo. Hesabu yake haihitaji shahada. Soma ubavuni mwa betri, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ni wati-saa 360, zaidi ya maradufu ya kikomo cha abiria. Matangazo ya viwanjani, kuanzia Wilson hadi kile cha mwisho chenye kibanda kimoja na mlinzi mmoja, yaandike hivyo kwa Kiswahili sanifu, kwa kuwa anayebeba mzigo mara nyingi si yule aliyeusoma mwongozo wa Kiingereza.

Kwa rubani anayeona kwamba lazima abebe, mambo machache yatamfaa. Achague kifaa kilichopimwa kwa viwango vinavyotambulika, ambacho betri yake hutoka. Aitoe, aikague kama imevimba au ina ufa, na aiache nyumbani ikiwa imeanguka au imelowa. Isijazwe umeme, shehena za betri za lithiamu angani hutakiwa zisizidi asilimia 30 ya ujazo wake, na kanuni hiyo ni mwalimu mzuri. Isichajiwe angani kabisa. Ikae mahali mkono unapofika, katika mfuko usioshika moto, si chini ya marundo ya mizigo mkiani. Isiachwe ndani ya ndege iliyoegeshwa juani. Na maji yawepo.

Kuna njia nyingine iliyo bora kuliko zote hizi, nayo ni kifaa kisichoruka. Kiwanja kinachotaka wageni kingeweza kuweka baiskeli mbili tatu chini ya paa, za umeme au za miguu, kikazikodisha kwa bei nafuu. Vijana wa bodaboda wangeweza kusajiliwa na kupewa nambari ya simu iliyobandikwa ukutani, ili rubani awapigie kabla ya kuondoka kwake. Na aliye na afya ya miguu akumbuke kwamba baiskeli ya kukunjwa isiyo na betri ina kilo 11 au 12 na haina mtihani wowote wa moto.

Wenye viwanja na wenye ndege wasingoje msiba ndipo waandike kanuni. Tahadhari, Waswahili tunasema, ni kabla ya hatari. Miguu ikichoka hupumzika kando ya njia. Angani hakuna kando ya njia.